Meno Yangu Matatu Mazima

Nilikuja Doha na meno thelathini na mawili. Leo nina ishirini na tisa, na yale matatu niliyoyaacha kwenye kliniki moja ya Al Sadd hayakuwa na tundu, hayakuwa yamelegea, hayakuwa na kosa lolote. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakiniona natafuna upande mmoja hudhani nilikuwa mvivu wa mswaki, na dhana hiyo inaniudhi kuliko wanavyojua. Kwetu Kinangop tulisukutua kwa maji yaliyokaribia kuganda, asubuhi na jioni, baba akiwa amesimama mlangoni kuhakikisha.

Kazi yangu ni kutunza farasi. Saisi, ndivyo tunavyoitwa. Nalisha, nasafisha mazizi, napiga brashi, nakagua kwato, natembeza. Niliianza kazi hiyo Nairobi, kwenye farasi wa mbio, na huko ndiko nilikokutana na mtu ambaye habari hii inamhusu zaidi kuliko angependa. Jina lake silitaji. Nitamwita mwenzangu, maana ndivyo nilivyozoea kumwita mbele za watu kwa miaka tisa: mwenzangu amesema hivi, mwenzangu ameenda pale. Alitoka kijiji cha jirani na chetu. Likizo yetu ya kwanza alinipeleka kwao, na mama yake akanilisha mpaka nikalegeza mshipi. Tangu siku hiyo nami nikamwita mama, naye akaniita mwanangu.

Tulikuja Doha kwa ndege moja, tukapewa chumba kimoja, kitanda changu ukutani na chake dirishani. Mazizi yenyewe ni ya mtu binafsi, nje ya mji, mahali ambapo mchanga unaingia hata kwenye sukari. Ijumaa basi la kampuni lilikuwa likitushusha Industrial Area, kisha tunapata usafiri wa wenzetu mpaka Mesaimeer, kanisani. Tukitoka ibadani tunakunywa karaki, chai ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vya karatasi na kusikiliza habari za nyumbani. Nilikuwa na raha. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu mtu akishasalitiwa hutaka kujifanya kwamba tangu mwanzo mambo hayakuwa mazuri, na si kweli.

Joto la Doha farasi hawaliwezi. Likianza kupanda, mwenye mazizi hupeleka farasi wake sita kwenye shamba moja kusini mwa Ujerumani, na masaisi wawili huenda nao. Mwaka ule tulichaguliwa sisi. Masaisi wote walituonea wivu, na walikuwa na haki. Huko nyasi zilifika magotini, mvua ilinyesha bila kutangaza, na msitu ulianzia palepale uzio ulipoishia. Farasi waliingia vichakani kwa furaha na kutoka na kupe.

Kupe! Tulicheka sana. Watu wa shamba lile walikuwa na kijidude cha plastiki cha kumng'olea kupe mmoja, wakavaa na glavu, wakamtia kwenye kichupa. Sisi tulipitisha vidole chini ya singa za farasi, tukamsikia alipo, tukamng'oa kwa kucha na kumpasua juu ya jiwe. Kwetu kupe ni shida ya ng'ombe. Tunajua anaua ndama, tunajua siku ya kuogesha, tunajua harufu ya dawa ya josho. Lakini sikuwahi kusikia mtu mzima amekwenda hospitali akasema kilichomleta ni kupe. Angechekwa kuanzia getini. Nilipomkuta mmoja nyuma ya goti langu, amenona kama punje ya maharagwe, nilimtoa kama nilivyomtoa kwa farasi na kuendelea na kazi.

Baada ya siku kadhaa mahali pale paliota duara jekundu, pana kama kisahani cha chai, katikati peupe. Mwenzangu aliniambia nigeuke, akapiga picha kwa simu yake.

"Umepigwa muhuri, bro," alisema. "Sasa wewe ni ng'ombe wa mzungu."

Akainua shati, akanionyesha lake kiunoni, dogo kuliko langu. Tukacheka tena. Kisha akawa serious, akanishika bega.

"Lakini usionyeshe mtu. Mudir akisikia saisi ni mgonjwa huku, anamrudisha, khalas. Next year analeta wengine."

Mudir ni msimamizi wetu, na maneno hayo yalifanana naye kabisa. Nikanyamaza. Juma lilelile mwenzangu alikwenda kijijini na mama mwenye shamba, kununua vitu, alisema. Nilibaki na farasi wote sita peke yangu asubuhi nzima. Alirudi na mkate na peremende, akanipa nusu. Sikulalamika, kwa nini nilalamike?

Mwezi mmoja baada ya kurudi Doha niliamka nikaenda kusukutua, maji yakamwagika kifuani. Nilijiangalia kwenye kioo. Upande wa kulia wa uso wangu ulikuwa umeshuka, jicho limekataa kufunga, mdomo umening'inia. Niliita jina la mwenzangu na hata jina lenyewe lilitoka limepinda. Alikuja mbio akiwa na taulo, akanitazama, akakaa kitandani kwangu. Nilifikiri ni huruma.

Kila mtu alijua sababu: ni eisii. Unatoka kwenye joto la kuoka unaingia kwenye chumba baridi, upepo unakupiga shavuni, mshipa unavutwa. Kuna aliyeniambia nifunge kitambaa, kuna aliyeleta mafuta ya zeituni yaliyoombewa. Mwenzangu aliniunga mkono kwenye eisii. Aliweka kadibodi kwenye mashine ili upepo usinifikie, akanipaka mafuta yale yeye mwenyewe, kila jioni, kwa vidole viwili, taratibu kama anampaka mtoto.

Ijumaa moja katika majuma hayo, mchungaji alipoita wenye shukrani, mwenzangu alisimama. Alisema mama yake nyumbani alikuwa na kidonda mguuni kwa muda mrefu, kidonda kilichokataa kila kitu, na sasa kimefunga, mama anatembea. Kanisa lililipuka. Mimi nilijua kidonda kile, nilikuwa nimekiombea kila Ijumaa tangu tulipofika. Nilisimama nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka, nikaimba kwa nusu ya mdomo niliyokuwa nayo. Mama yule alinilisha. Nililia kwa jicho moja, la pili lilikuwa linatoa machozi lenyewe hata hivyo.

Uso ulirudi wenyewe polepole, karibu wote. Ndipo meno yakaanza.

Lilianza gego moja la juu, kulia. Si maumivu ya jino kama tunavyoyajua, yale ya kupiga taratibu na kukunyima raha. Haya yalipiga mara moja na kuondoka. Mtu aliyewahi kugusa waya wa uzio wenye stima atanielewa: unarushwa, kisha hakuna kitu, kisha unaogopa waya. Waya wangu ulikuwa shavu. Mswaki ukiligusa, napigwa. Kiwembe, napigwa. Farasi akinipumulia usoni, napigwa, na farasi wanapenda sana kupumulia watu usoni. Upepo wa shamali ukivuma nilikuwa nafunga uso mzima kwa kitambaa na bado nikajificha nyuma ya ukuta kama mwizi.

Farasi mwenye jino bovu utamtambua kwa namna anavyokula. Anainamisha kichwa upande, anatafuna nusu, anaacha nyasi zidondoke zikiwa zimeviringika na kulowa. Siku moja nilitazama sahani yangu nikakuta nimeacha vipande vya chapati vilivyotafunwa nusu pembeni, vimepangwa, na nikaelewa nimekuwa nani. Farasi angekuwa ameitiwa daktari asubuhi ileile. Mimi nilisubiri siku ya mapumziko.

Daktari wa meno wa Al Sadd alipiga eksirei, akagonga kwa kijichuma, akasema haoni kitu. Nikasema ling'oe. Akasema tungoje. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, ameshika kofia yangu.

"Litoe tu, bro," alisema, "upumzike."

Likatoka, refu, jeupe, na mizizi yake mitatu mizima. Ganzi ilipoisha maumivu yalikuwa palepale, isipokuwa sasa yalikuwa kwenye jino la jirani. Majuma machache baadaye nikarudi kwa lile la jirani. Mara hiyo mwenzangu alinishika mkono. Kwa la tatu, la chini, daktari alisita sana, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, na mimi nikamjibu kwa ukali kwamba mdomo ni wangu. Ni kweli ulikuwa wangu. Nikisema nilikuwa na hakika, nitakuwa nadanganya. Nilikuwa tu nimechoka kuogopa upepo.

Tangu jino la pili mwenzangu alianza kunipikia uji. Kila asubuhi, kwenye jiko la umeme katika chumba cha chakula cha farasi, alikoroga uji wa wimbi, akaupoza mpaka uwe wa vuguvugu, maana moto ulinipiga na baridi ilinipiga. Alimwagiza mtu unga kutoka nyumbani. Masaisi wengine walitutania, wakaniita bibi arusi. Niliwaambia wafunge midomo yao yenye meno yote. Nilimpenda sana kwa uji ule. Hilo pia nalisema waziwazi.

Mudir kwa upande wake alikuwa amenichoka. Aliona mtu mwenye afya, asiye na homa, anayeomba ruhusa kila mara kwa sababu ya jino, na kila akiruhusiwa anarudi na jino limetoka na malalamiko yaleyale. Aliniita ofisini akaniambia kwa utulivu kwamba akisikia tena habari ya jino atanikatia tiketi ya kurudi kwetu. Nilikuwa tayari nimepanga kung'oa la nne. Nilitoka pale nikijua nitarudi Kinangop bila kazi, bila meno, na maumivu nikiwa nayo, na hakuna hata mtu mmoja atakayeamini kwamba nilikuwa mgonjwa wa kitu.

Aliyenitoa huko ni dada mmoja wa kwaya, muuguzi, Mkenya kama sisi. Tulikuwa tumesimama kwenye kivuli baada ya ibada pale Mesaimeer, naye aliniona nikigeuka ghafla kwa sababu mtu alikuwa akijipepea na bahasha karibu nami.

"Ndugu yangu, hilo si jino," alisema. "Wewe unafanya kazi na nini?"

"Farasi."

"Za hapa tu?"

Nikamweleza juu ya Ujerumani. Aliuliza kama niliwahi kuumwa na kupe, na mimi, mjinga, nikacheka. Nikamwambia kwetu tunakulia kupe. Yeye hakucheka. Alinipa siku na saa ya kumwona daktari wa hospitali yao, akaniambia nisiguse jino lingine hata kwa ulimi.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mzee mpole anayesikiliza akiwa amefumba macho. Alinitoa damu, baadaye akanitoa maji ya uti wa mgongo. Akanieleza kwamba kuna ugonjwa unaoitwa Lyme, unabebwa na kupe wa nchi kama zile, unaingia na kutulia kwenye mishipa. Uso ulioanguka ulikuwa ni huo. Na mshipa unaobeba hisia za shavu na meno ukiguswa, ubongo unaambiwa jino linauma, na jino la watu halina habari. Alisema ugonjwa ukikawia mwilini, hata madaktari wenyewe wanabishana jina la kuupa. Wengine wanauita sugu, wengine hawataki kulisikia neno hilo. Yeye hakujali jina, alijali kwamba sikupata dawa mapema. Majuma machache ya vidonge wakati wa lile duara, alisema, na huenda tusingekuwa tumekaa hapa.

Nilimuuliza kuhusu meno yangu matatu. Alifumbua macho.

"Yalikuwa mazima," alisema. Kisha akaniuliza kama kuna picha ya duara lile, yenye tarehe, kwa sababu damu haisemi uliumwa lini wala wapi. Picha ingemsaidia kuandika barua iliyonyooka kwamba haya yalinipata kazini, na mudir angelazimika kuniruhusu kwa wiki zote za kudungwa dawa.

Picha! Niliingia mazizini karibu nikimbie. Mwenzangu alikuwa anachanganya pumba. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, Lyme, kupe, mshipa, na kwamba ile picha yake ya kunicheka ndiyo itakayoniokoa. Mikono yake ilisimama ndani ya ndoo.

"Simu ile ilikufa," alisema.

"Si ulihamisha vitu? Zile picha za mama kwenye baiskeli ya jirani za mwaka uleule unazo."

"Hiyo haikuhama, bro. Pole."

Akaendelea kuchanganya. Sikumshuku. Nilikasirikia simu, si yeye. Ndipo nikakumbuka kwamba namba ya mama mwenye shamba ilikuwa kwenye daftari la safari za farasi, nikamwandikia. Nilimuuliza tu kama anakumbuka kupe wa msimu ule, na kama kuna mtu wa huko anayeweza kuandika kwamba tuliumwa. Nilitaka karatasi.

Ujumbe wake wa sauti uliingia kesho yake asubuhi nikiwa nampiga brashi farasi jike wa kijivu. Alizungumza Kiingereza polepole, kwa upole. Alishangaa. Aliuliza kama zile dawa sikuzimaliza. Alisema daktari wa kijiji aliliona duara la mwenzangu, akaiona na picha ya mguu wangu kwenye simu yake, akatuandikia wote wawili, na yeye mama mwenye shamba ndiye aliyezichukua dawa, maboksi mawili, akamkabidhi mwenzangu. Mwenzangu alimwambia ninaogopa madaktari, akaahidi kunisimamia nimeze mpaka kidonge cha mwisho. Akaongeza kwamba alimsisitizia jambo moja: uso ukianguka, mkimbizeni hospitali. Mwishoni aliniuliza farasi wa kijivu anaendeleaje.

Nilisikiliza mara tatu. Nilimaliza kumpiga brashi yule farasi, mpaka mkia, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Mwenzangu alikuwa kwenye jiko, anakoroga uji wangu.

"Boksi langu liko wapi?" nilimuuliza.

"Boksi gani?"

Nikaweka simu juu ya gunia, nikaifungulia ile sauti. Ilipofika kwenye maboksi mawili alizima jiko. Ilipofika kwenye uso alikaa chini, juu ya gunia la pumba, mwiko bado mkononi.

"Nilimtumia mama," alisema.

Sikuelewa mara moja.

"Kile kidonda kilikuwa kinanuka, bro. Dada yangu aliniambia watu wanakaa mbali naye. Tulipofika hapa kulikuwa na msee wa kanisa anaenda home wiki ileile, nikampa. Dawa ya Ulaya, mpya, boksi zima. Wewe ulikuwa na kupe. Kupe tu. Sisi si tumekulia kupe?"

Kila mtu wa kwetu anaweza kumwelewa hapo. Nani kati yetu hana dawa kwenye begi la kutuma? Tunazihifadhi, tunazigawa, tunampa mwenye kusafiri, mtu nyumbani anameza kwa maelekezo ya simu. Mimi mwenyewe nimewahi kutuma. Kama angeniomba lile boksi siku ile, akaniambia ni la mguu wa mama, naapa ningempa na kumshukuru kwa kufikiria. Na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka sasa, kwamba hakuniomba.

"Na lako?" nilisema.

"Langu nilimeza."

"Kama ni kupe tu, mbona lako ulilimeza?"

Aliutazama mwiko. Uji ulikuwa umeanza kuganda juu.

"Daktari alinitisha," alisema mwishowe.

"Na uso wangu ulipoanguka?"

"Nilijua. Siku ileile nilijua. Nilitaka kukuambia, halafu ukaanza kupona, nikasema Mungu amefunika. Meno yalipoanza nikajiambia labda kweli ni meno."

"Ukasema litoe."

"Nilisema."

"Ukanishika mkono."

"Nilikushika, ndiyo."

Nilimchukia. Sitafuti neno laini. Nilimchukia kwa mafuta ya zeituni, kwa kadibodi ya eisii, kwa unga wa wimbi, kwa kila jambo jema alilonitendea tangu uso wangu uanguke, kwa sababu sasa nililiona kila moja lilivyokuwa. Alikuwa ananilipa kidogokidogo kitu ambacho hakutaka nijue nilinyang'anywa. Na zaidi ya yote nilichukia makofi yangu. Nilisimama kanisani na uso umepinda nikamshangilia, nikaimba kwa sababu ya dawa yangu mwenyewe iliyomponya mtu mwingine, naye akanitazama nikiimba.

Niliutoa uji nje nikaumwaga mchangani. Kuku wa mlinzi waliumaliza.

Mama mwenye shamba alituma karatasi ya daktari wa kijiji, mudir akaisoma, akaagiza gari la kunipeleka hospitali kila siku. Nilidungwa dawa ya mshipani kwa majuma manne. Maumivu yalipungua, hayakuisha. Daktari alisema mshipa uliokaa muda mrefu hivyo una kumbukumbu yake, akanipa vidonge vya kuutuliza, na nikivimeza nasahau majina ya farasi. Siku nzuri napiga mswaki pande zote mbili. Siku ya shamali nafunga kitambaa.

Chumba hatukubadilishiwa, hakukuwa na kingine. Tuliishi bila kuongea, vitanda vyetu vimeachana hatua nne. Ijumaa kwenye basi nilikaa kiti cha mbele na yeye cha nyuma. Aliendelea kupika uji, akauacha juu ya gunia umefunikwa na sahani, na mimi nikaendelea kuwapa kuku. Watu waliuliza tumegombania nini. Hakuna aliyetaka kusikia neno kupe, na mimi sikutaka kuwaambia habari ya mguu wa mama mzee wa watu.

Kisha Jumapili moja, saa kumi alasiri, tumekaa kila mtu kitandani kwake tukifunga viatu vya kazi, simu yangu ililia. Ilikuwa namba ya jirani yao mama. Yeye mwenyewe hana simu ya picha, akitaka kutuona huenda kwa jirani. Uso wake ulitokea karibu mno, kisha akarudi nyuma, kisha akaisogeza simu chini ili nione mguu. Aliukanyaga mara mbili, kwa nguvu, ardhini.

"Unaona, mwanangu? Nakamua tena. Jana nimeenda soko na kurudi kwa miguu yangu. Na wewe, nasikia meno yanakutesa."

"Yanapoa, mama."

"Nakuombea kila siku. Unakula?"

"Nakula."

"Huyu kijana wangu anakutunza huko?"

Mwenzangu alikuwa ameacha kufunga kiatu. Nilimwona ananitazama, na nilijua anachoniomba kwa macho yale. Miaka tisa nilikuwa nimemjibia: kwa mudir, kwa mchungaji, kwa mama yake. Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka kusema ndiyo, mama, ananitunza vizuri.

"Mwulize mwenyewe, mama," nilisema. "Yuko hapa."

Nikavuka hatua nne, nikampa simu, nikabaki nimesimama mbele yake. Aliishika kwa mikono miwili. Alimsalimu mama yake, akaulizwa swali lilelile, akaitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Mama," alisema, "ile dawa niliyokutumia..."

Na sauti ya mama ikatoka kwenye simu, kubwa, yenye furaha, ikajaza chumba chetu chote.

"Ile ya mguu? Umenitumia nyingine?"